Piramidi ya Naviundu

Piramidi ya Naviundu ilivumbuliwa na muntu mwenye alisimamisha pikipiki yake ju ya kukojoa. Historia ya binadamu iko vile, tusifichane. Ku Misri balianza na kuangalia nyota. Siye ku Lubumbashi tulianza na mukojo.

Ule muntu alikuwa anaitwa Anaclet. Ku carte ya jina lake kuliandikwa: ARCHI ANACLET, STYLE YOTE. Architecture, ile kazi ya kuchora nyumba, alisomea mu telephone, megabyte kwa megabyte, akilala chali ku salon ya yaya wake kule Makomeno. Mpaka ile siku alikuwa alifanya kazi moja tu ya kweli, kusimamisha macolonne, nguzo za Kigiriki, mbele ya bar moja. Ile macolonne ilikuwa mituyo ya plastike, ile ya kupitisha mayi, ndani muchanga, juu sima kidogo. Mvula ya kwanza ilipopiga, moja ikainama sawa mulevi. Bantu bakapita, bakaangalia, bakasema: ni style.

Ju siye ba Lushois, style njo maladi yetu. Muntu analala bila kula bukari lakini kravati iko na pasi. Unajenga vyumba mbili, unaweka na balcon juu, na mulango wa kutokea ku ile balcon hakuna, lakini balcon iko. Anaclet alizaliwa mu ii maladi, akaona haifae kuwa mugonjwa tu, akajifanya docteur yake.

Basi, mwezi ya tisa, joto ya kuchemusha ubongo, alikuwa anapita Naviundu akaona kichuguu. Haikuwa kichuguu ya muchezo. Ilipita nyumba za jirani urefu, ilikula parcelle, ule uwanja, karibu yote, na pembeni kanyumba ka matôle, mabati ya zamani, na bâche ya turubai kalijibana pale sawa muntu mwenye kuomba samahani. Anaclet akaenda nyuma ya kichuguu. Akiwa mu kazi, akainua macho pole pole, kutoka chini mpaka ku ncha, na jua ilikuwa inashuka kwa pembeni, na kivuli ikakata ule udongo vizuri, pembe tatu kabisa.

"Piramidi," akasema.

"Choo iko kule," sauti ya mama moja ikajibu.

Njo Mama Alima, mwenye parcelle. Mujane, muntu wa ba Maniema, foulard ku kichwa, mikono na harufu ya mikate yenye alikuwa anakaanga na kuuzisha ku barabara.

"Mama," Anaclet akasema, akifunga zipu na heshima yote, "unajua unaikala pembeni ya nini?"

"Pembeni ya muntu mwenye kukojoa mu parcelle yangu."

Akamupatia carte. Mama Alima akaishika na ncha za vidole. Tunamuelewa.

"Ii haiko kichuguu, mama. Angalia ile mutelemuko. Ba Babeli balikuwa na ziggurat, ngazi juu ya ngazi. Misri, piramidi. Mexique, piramidi. Ku Tombouctou balijenga musikiti na udongo tupu, mpaka leo inasimama, miti inatoka inje sawa misumari. Sasa ku Katanga, bafalme betu balijenga nini? Unafikiri balikuwa banakaa tu?"

"Muchwa njo ilijenga ii. Kila mwaka mvula ikinyesha, inswa, ile kumbikumbi, inatoka, tunakaanga, tunakula na chumvi."

"Muchwa, ndiyo. Lakini muchwa ni nani? Ku Harare architecte moja alijenga immeuble muzima, gorofa juu ya gorofa, na akili ya muchwa. Upepo inaingilia chini, inatokea juu, bila climatiseur, bila mashini ya baridi."

"Basi architecte ni muchwa. Haiko weye."

Muntu mwenye haya angerudilia pikipiki yake. Lakini haya haikukuwa mu application yenye Anaclet alisomea. Akafungua telephone, akaanza kumuonyesha: dôme, minaret, église za gothique zenye madirisha sawa mikono ya kuomba, nyumba za zamani za mu ville yetu, zile za kona ya mviringo, na kadirisha ka mviringo sawa ka bateau, ile meli ya bahari. Pale ku kadirisha Mama Alima akasimamisha kidole.

"Aka ni kazuri," akasema. Kisha akarudishia telephone. "Sikiliza, mutoto wangu. Mie shida yangu iko moja. Ile kichuguu ilikula parcelle. Bâche yangu ilitoboka. Mvula iliopita, mie na mutoto wangu Djamila tulilala chini ya meza, na meza nayo ilitoboka. Niko nataka nyumba ya matofari mbele ya mvula kuanza. Njo ile tu."

"Na nani alikukataza?"

"Desturi. Bantu ba matofari banakuya, banachimba na kutosha udongo ya kichuguu, banafinyanga, banapanga, banachoma, kisha banabeba nusu ju ya kazi yabo. Haiko wizi, njo vile inafanyika. Lakini na ile nusu nitajenga nini? Kuta mbili? Mvula itazunguka, itaingilia ku ingine mbili."

Anaclet akashika kichwa. "Kuvunja piramidi ju ya matofari. Mama, ba pharaon bakusamehe."

Hapa inafaa musomaji ajue kintu. Mu Katanga, hata mutoto mwenye hajatoka meno anajua kama matofari ya nguvu inatoka mu kichuguu. Anaclet njo alikuwa hajui, na maneno ya Mama Alima iliingia sikio moja, ikatokea ku ingine. Alizaliwa mu nyumba ya matofari, nkambo yake, babu mwenye alifanya kazi ku treni, aliikala mu matofari, na hakuwahi kuuliza ile matofari ilitoka wapi, sawa mutoto mwenye kufikiri maziwa inazaliwa mu boîte ya duka. Alijua tofauti ya baroque na rococo. Tofauti ya udongo na udongo, zéro.

"Usiguse na jembe," akasema. "Nitakuletea batouriste. Bazungu ba kofia na picha. Yote yenye itaingia, nusu yako, nusu yangu."

"Nusu ya nini?"

"Ya batouriste."

Mama Alima akaangalia kichuguu. Akaangalia Anaclet. Akaangalia kichuguu tena, sawa muntu mwenye kupima samaki ku soko na kidole.

"Djamila," akaita, "kuya uwe shahidi. Uyu papa anasema: tutagabula batouriste nusu kwa nusu, na kazi yote ni yake."

"Naapa," Anaclet akasema.

Batouriste, tunaweza kuambiana, haikukuwa. Mupango wake ulikuwa mufupi: kutafuta tajiri moja mwenye kiburi, kumuuzishia piramidi, kukamata makuta, feza yote, kukimbilia mbali kule Kasomeno kwenye hakuna muntu anamujua, na kuanza kule maisha ya heshima. Tajiri njo alikuwa anakosekana. Na Mungu iko muzuri, Mama Alima mwenyewe akamupata.

"Kuko patron moja," akamuambia ile juma yenye ilifuata. "Stanislas. Anatafuta kintu yenye bapatron bengine habana."

Patron Stanislas akakuya na miguu. Jeep, akasema, iko garage. Lakini costume, ile suti yake, ilikuwa ya kuogopesha, bleu ya usiku, na karatasi ya bei ilikuwa ingali inaning'inia ku mukono. Anaclet akaiona, na roho yake ikaruka. Makuta ya uyu iko mbichi, akawaza. Hajamaliza hata kufungua vintu vyenye ananunua.

Patron akazunguka kichuguu, mikono ku mugongo.

"Mie piramidi ya Misri niliona," akasema.

"Ulifika kule, patron?"

"Nilipita juu, na avion. Ile iko blocs za mawe, carré, carré, pembe nne nne, moja juu ya ingine. Ii yako iko mviringo. Nani alikuambia mufalme anazikwa mu kintu ya mviringo?"

"Blocs iko ndani, patron. Udongo njo ilifunika. Miaka na miaka."

"Basi tosha udongo, nione blocs. Mie niko nasafiri. Narudia mwisho wa mwezi mbele ya mvula. Nikikuta blocs, nabeba piramidi na parcelle, hatutasumbuana na bei."

"Na mie?" Mama Alima akauliza.

"Weye, mama, nitakujengea villa."

Mama Alima akafunika uso na foulard, mabega ikatetemeka. Anaclet akamugusa ku mukono pole pole. Aliona ni machozi.

Sasa mu kichuguu, blocs haiko. Kuko muchwa, na wakati ingine nyoka. Anaclet alijua ile. Lakini muntu mwenye alisimamisha Ugiriki na mituyo ya plastike hawezi kushindwa na Misri. Kama blocs haiko ndani, tutaitengeneza. Tutaipanga carré, carré, ngazi ngazi, tutapaka udongo juu sawa ni zamani, na patron atafikiri tulifunua.

Ju ya ile alihitaji bantu, na bantu habafanye kazi ju ya architecture tu. Akaangalia pikipiki yake. Ilikuwa kintu moja tu ya maana yenye alikuwa nayo mu dunia. Alikuwa anailaza mu salon, yeye analala ku barza. Akaiuzisha. Akarudia Naviundu na miguu, vumbi mpaka ku magoti, akitabasamu sawa Napoléon mwenye kupoteza farasi.

Kazi ikaanza. Vijana ba Naviundu bakatosha udongo ya kichuguu, bakaimwangia mayi, bakaikanyaga. Mama Alima akatosha moule ya mbao ya kufinyangia udongo, yenye bwana yake marehemu aliacha.

"Ipimo yake iko ya pharaon kabisa," Anaclet akasema, akiigeuza.

"Kweli?"

"Telephone haiwezi kudanganya."

Kila siku alikuya asubui, akasimama ku kivuli, akaongoza. "Bachana, haiko matofari ile, ni blocs antiques. Inyosheni." Bale vijana bakaitikia: "Ndiyo, Archi," bakafinyanga matofari. Mama Alima akapika bukari na bitoyo, samaki ya chumvi, ya kutosha bantu bote, na Djamila akachota mayi. Hata jirani bakakuya kusaidia. Anaclet alishangaa kuona quartier muzima inapenda patrimoine, mali ya bankambo, vile. Kila mara alisikia bantu banacheka nyuma ya lupango, ule uzio wa parcelle. Aliona ni furaha ya utamaduni.

Blocs ilipokauka ku jua, bakapanga. Hapa Mama Alima akasogea.

"Archi, ku telephone ulinionyesha mu piramidi muko njia mu chini, zenye kupeleka ku chumba ya mufalme. Yetu iko wapi?"

Anaclet akageuka kumuangalia. "Mama, uko na jicho ya architecte."

"Niko najifunza kwako."

Bakaacha njia tatu mu chini, urefu wa kuingiza muntu wa kupiga magoti, kutoka upande moja mpaka ku ingine. Kisha Mama Alima akauliza: na nafasi kidogo kati ya bloc na bloc, haifae? Ju ya upepo, sawa Harare? Inafaa, Anaclet akasema, mie nilitaka kukuambia. Na inje, haifae kupaka udongo mbichi pande zote? Inafaa, mama, inafaa sana, ile njo inaitwa patine, rangi ya uzee. Ku mwisho piramidi ikasimama, ngazi nne, muzuri mpaka Anaclet mwenyewe akaizunguka mara tatu. Akapiga nayo selfie mingi. Kwa mara ya kwanza mu maisha yake alikuwa amejenga kintu yenye haikuinama.

Ile samedi, jumamosi ya mwisho wa mwezi, camion moja ya kutoka njia ya Kasomeno ikamwanga kuni ku mulango wa parcelle, mulima muzima.

"Kuni ya nini, mama?"

"Si patron anakuya? Nipike nini na kuni kidogo?"

Akaona ni kweli. Akaenda kupiga kravati pasi.

Kesho yake, dimanche asubui, akatoka Makomeno na miguu, viatu mu sachet, ju ya kuvaa akifika. Kwa mbali akaona moshi juu ya Naviundu. Bantu banachoma majani, akawaza, habana respect ya siku ya Mungu. Akasogea. Moshi ikasogea. Akafika ku lupango, akavaa viatu, akanyosha kravati, akaingia.

Piramidi ilikuwa inavuta. Inatoa moshi ku kila ngazi, sawa ba pharaon bote balikuwa ndani banapika. Mu zile njia tatu za mufalme moto ilikuwa inanguruma, kuni zilipangwa ndani vizuri mpaka mu kati. Mbele ya njia ya kwanza Mama Alima alikuwa anaikala ku kiti, anageuza viazi vitamu mu majivu na kijiti.

"Archi, bonjour. Ulikula?"

"Mama. Piramidi inaungua."

"Haiungue. Inaiva."

Anaclet akaangalia. Ngazi. Njia mu chini. Nafasi kati kati. Udongo ya kupaka inje. Na pole pole, sawa mayi inapanda mu kisima, ile yenye mutoto bila meno anajua ikamufikia.

"Ii ni tanuru," akasema.

"Ni tanuru," Mama Alima akasema. "Na uliipanga vizuri, tusiseme uongo. Bantu ba matofari banapanga, inainama."

"Patron atasema nini?"

"Muulize. Uyu hapa."

Stanislas alikuwa anaingia anasukuma brouette, ku mwili kaptula na singlet ya kutoboka. Costume haikukuwa.

"Ile ya bleu?" akasema. "Niliuzisha jana ku soko. Mie nauzisha mavazi ya mitumba, ndugu yangu, pembeni ya mikate ya Mama Alima. Nisameheni ile karatasi ku mukono, ningeitosha, costume ingeshuka bei."

"Na avion?"

"Avion ni ya Mungu. Mie naangaliaka tu ikipita."

Anaclet akaikala chini, na suruali ya pasi, mu vumbi. Akawaza kwenda kwa chef ya quartier. Atamuambia nini? Kama alikuwa anatengeneza vya zamani vya uongo ju ya kumuuzishia patron wa uongo, na kama patron alimudanganya? Hata mie mwenye kumupenda, ningekuwa chef, ningemufunga yeye. Akabakiwa na kintu moja.

"Tuliapa nusu kwa nusu, mama. Djamila ni shahidi. Nusu ya ile matofari ni yangu, desturi."

"Desturi ni ya bantu ba matofari," Mama Alima akasema. "Weye ulikataa, ulisema ni blocs. Nusu yako ni ya batouriste. Siku bazungu ba kofia bakikuya, nitakuita, tutabagabula."

Akamupatia kiazi. Kilikuwa cha moto, akakila. Hakukuwa kintu ingine ya kufanya.

Matofari ikapoa, ikatoka nyekundu, ya kulia kengele ukiipiga na kijiko. Nyumba ikapanda mbio, ju mawingu ilikuwa inapanda nayo. Anaclet aliapa hatakanyaga tena Naviundu. Mardi, siku ya jumanne, alikuwa kule. Alisema alipita tu. Akaona maçon, fundi wa kujenga, anataka kuweka madirisha yote carré, akashindwa kuvumilia, akafungua telephone mbele ya pua yake, akamuelezea namna ya kuzungusha matofari mpaka itoke mviringo. Bakabishana mpaka jioni. Dirisha ya mbele ikatoka mviringo, karibu. Kwa kusema ukweli ilitoka sawa yai, lakini yai ya muzuri. Mama Alima akapitisha kidole ku ile mviringo, akamuletea mikate ya moto mu sahani.

Matôle ya mwisho ilipigwa misumari asubui. Mvula ikapiga jioni. Mama Alima na Djamila balilala juu ya kitanda, na meza ilikaa yake ku kona, kavu, sawa meza ya bantu bengine. Kesho yake inswa ikatoka mu sima ya salon, ju muchwa haikuambiwa kama kichuguu imekuwa nyumba. Bakaikaanga na chumvi.

Anaclet akaanza kupita kila siku. Anasimama ku barabara mbele ya ile dirisha, telephone mu mukono, kama kwa bahati. Na siku moja bahati ikasimama kweli, jeep ya kweli, na karatasi ya bei haikukuwa popote. Akashuka mama moja munene wa heshima, saa ya zahabu. Maman Brigitte. Akaangalia dirisha.

"Nani alifanya ii?"

"Ni mie, maman," Anaclet akasema, na roho yake, ile roho yenye haisomi masomo, ikaruka. "Style paquebot, ya meli kubwa, na kidogo ya pharaonique. Architecte Anaclet."

"Weye?" Maman Brigitte akageukia Mama Alima mwenye alikuwa ku mulango. "Mama, ni kweli ni ye?"

Mama Alima akamuangalia Anaclet. Akafuta mikono ku kitenge. Aliona zile macho zinamuomba.

"Ni ye," akasema. "Yote. Alivunja kichuguu, alileta bantu, alipanga tanuru, alifanya na ile dirisha."

Anaclet akavuta pumuzi. Angemukumbatia.

"Na bei?" Maman Brigitte akauliza.

"Bei? Uyu hakuniomba hata franka. Aliuzisha hata pikipiki yake ju ya kulipa bafanyakazi. Sijaona muntu wa roho muzuri vile."

Maman Brigitte akamuangalia Anaclet kutoka ku viatu mpaka ku kravati, na uso wake ukawa laini, sawa muntu mwenye kupata kintu yenye aliomba mu sala. Akafungua mulango wa jeep mwenyewe.

"Panda, mutoto wangu," akasema. "Ku parcelle yangu kuko bichuguu mbili."